Dakika Kumi za Chumba cha Saba

1

Kosa langu ni lile lile ninalowagombezea mafundi wenzangu kila siku: niliondoka nikaacha waya zangu chumbani.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mpwa wangu alikuwa anaoa Tukuyu, na gari la Jumba lilikuwa linapiga honi getini bila adabu. Nilikuwa nimeshampima mzee wa chumba cha saba, dakika kumi kamili kama kanuni inavyosema, na mkondo wake haukutikisika hata chembe. Kilichobaki ni kuchomoa waya, kufunga kijimlango, na kwenda ofisini kujaza fomu kwamba Mzee Gwamaka Mwakyoma hayupo tena. Honi ikalia tena. Nikasema fomu nitajaza nikirudi, kwani mzee anakwenda wapi? Nikabeba mkoba wangu wa arusi nikatoka.

Arusi ikanoga, mvua ikanyesha, barabara ya kupandia Kitulo ikakatika. Siku mbili nilizoomba zikawa kumi na mbili. Niliporudi, viatu vimejaa tope, nilikuta kijimlango cha chumba cha saba kiko wazi, waya zangu nne zinaning'inia mle ndani, na mashine ya kuchora mkondo bado inachora. Niliona aibu, jamani. Nikatazama huku na huku kama kuna aliyeniona, kisha nikainama nizichomoe upesi.

Mkono ukaishia njiani. Kwenye kioo cha mashine, pale ambapo siku zote huwa pana mstari mnyoofu kama uzi, kulikuwa na vilima vinne.

Watu hapa huniita Mama Ampea. Jina langu ni Subilaga, lakini nadhani hata mchungaji wangu amelisahau. Nina miaka hamsini na nane, na kwa miaka kumi na tisa nimepima mkondo wa umeme katika Jumba la Kitulo, huku juu penye baridi, ambako walioandikwa wanaishi. Mwili wa mtu ukishindwa, na kama amebahatika kupata nafasi, anaandikwa: yote aliyo nayo, tangu jina la bibi yake mpaka namna anavyocheka, yanaingizwa ndani ya kichakataji kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ndani ya kabati tunaloliita chumba. Vyumba viko arobaini. Mvuke wa mlimani unaotupa umeme hautoshi cha arobaini na kimoja. Tulishajaribu mara moja, sauti za wote zikaanza kujikokota, tukaingiwa na hofu tukakizima.

Mzee Gwamaka alikuwa msemaji hasa. Alilima pareto maisha yake yote, na miaka ile ya mwanzo nikifika mlangoni pake hanipi hata nafasi ya kufungua mkoba. "Mama Ampea! Leo umekuja kuninyonya ngapi?" Kisha anacheka kile kicheko chake kikavu cha mvuta tumbaku, nami namwambia anyamaze, ananiharibia kipimo. Na kweli alikuwa ananiharibia, kwa sababu chumba kinaposema, mkondo wake hupanda na kushuka pamoja na sauti. Fundi mzoefu anaweza kuunga spika kwenye waya za kipimo akasikia mtu anasema nini.

Miaka saba iliyopita alipata habari kwamba binti yake wa pekee amefariki. Akanyamaza. Mwaka mzima hakusema neno, na mtu akinyamaza mwaka mzima sheria inaturuhusu kumshusha volti mpaka kiwango cha chini kabisa, ili wanaosema wapate umeme zaidi. Tunaita kumpumzisha. Baada ya hapo kila mwaka tunampima mara moja. Aliyetuanzishia Jumba aliweka desturi kwamba chumba hakiingiwi bila salamu, kwa hiyo fundi anabisha hodi, anamwamkia mwenyewe, maneno yanaingia kwenye sikio la chumba na kukaa humo mpaka mwenyewe ayachukue. Kisha fundi anasimama dakika kumi anatazama mkondo. Ukitikisika, yupo. Usipotikisika mara sita, miaka sita mfululizo, hayupo. Tunamfuta, na mwingine anaingia.

Hizo dakika kumi niliziandika mimi. Niliulizwa mwaka wangu wa kwanza, "Mama, tusubiri muda gani?" Kwenye ukumbi ule joto ni nyuzi nne, na hapakuwa na kiti hata kimoja. Nilikuwa nimesimama robo saa na vidole vya miguu sivisikii. Nikasema dakika kumi zinatosha. Wakaandika.

2

Fundi wa vipimo akiona kitu kipya, kwanza anajishuku mwenyewe. Nilivuta pumzi, nikavaa sweta la pili, nikaanza kutafuta uchafu wangu.

Wengine hupima kwa koleo: wanabana waya mkubwa wa kabati zima na kusoma namba. Koleo linahesabu feni, linahesabu taa ya mlangoni, linahesabu kila kitu isipokuwa kile unachokitafuta. Mimi huingia mpaka ndani. Nakata njia inayokwenda kwenye kichakataji chenyewe na kupachika pale rezista ya omu moja, ili kila chembe ya mkondo inayomfikia mwenyewe ipite kwangu kwanza. Waya mbili hubeba mkondo. Nyingine mbili hazibebi kitu, zinatazama tu, na hizo ndizo ninazozisoma. Rezista naizamisha kwenye kikopo cha mafuta, maana ikipata joto inadanganya. Wala isiwe kubwa. Rezista inakula volti, na volti hiyo unamnyang'anya aliye ndani. Kuna fundi mmoja zamani, sitamtaja, alimzima mtu akiwa anatafuta kama yu hai.

Basi nikakagua. Mafuta: joto halikubadilika siku zote kumi na mbili. Jua la paani: lingekuwa jua ningeona vilima kumi na viwili, kimoja kila mchana, na mimi nina vinne, kila kimoja kama siku mbili. Umeme wa Jumba: umetulia. Majirani: chumba cha sita na cha nane vilichora mambo yake, havifanani na haya. Nikagusa kila kiungo kwa ncha ya kidole nikitafuta kilicholegea. Hakuna.

Vilima vyenyewe vilikuwa vidogo ajabu. Kwenda juu, sehemu kumi na nne tu za milioni za ampea. Tone la umande. Lakini nilipokikuza kilima cha kwanza kwenye kioo nikaona mgongo wake haukuwa laini; ulikuwa na vilima vingine juu yake, vidogo zaidi, vimepangana, na nilipokuza hivyo nikaona vingine tena. Kelele za umeme hazipangani hivyo.

"Mama Ampea, shikamoo. Umerudi, afadhali!"

Nilishtuka nikagonga kichwa kwenye kijimlango. Alikuwa Ambakisye, meneja wetu, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye heshima zake, amekuja na mwanamke ambaye sikumfahamu. Mwanamke amejifunga blanketi mabegani, midomo yake imekuwa ya buluu, na kila hatua tatu alisimama kuvuta pumzi.

"Marahaba. Nani huyu mnamleta kwenye baridi?"

"Ni Mwalimu Tupokigwe, ndiye anayeingia chumba cha saba. Daktari anasema moyo wake una siku tatu, pengine nne. Kuandika kunachukua mbili. Mama, nilikuwa nakusubiri wewe tu. Ile fomu naihitaji leo kabla ya saa nane mchana."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Mimi ndiye niliyeomba kuja," Mwalimu Tupokigwe akasema. "Nimesikia hapa hamwingii bila salamu. Nikaona si vizuri nihamie kwa mtu bila hata kumuaga." Alikuwa na sauti ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma hata pumzi ikiwa haba. Akaupitisha mkono kwenye milango, akasoma majina moja moja, akafika mwisho wa ukumbi. "Na hiki cha arobaini, kisichowaka taa?"

Ambakisye akaanza kutazama viatu vyake.

"Hicho changu," nikasema.

Ndiyo, kilikuwa changu. Fundi akifikisha miaka kumi na mitano Jumba linamtengea chumba, na mimi nilitengewa. Miaka minne nilikuwa nakipangusa kila Jumatatu. Nilikifahamu mvujo wake, ule umeme unaopotea bure, mpaka tarakimu ya saba. Hakuna chumba kisafi kama kile. Niliweka na kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Nasema wazi, mimi naogopa kufa. Watu wengine wanasema wamejiandaa, hongera zao. Mimi nilikuwa nalala usingizi kwa sababu ya kile chumba.

"Oh," akasema Mwalimu. Akaushusha mkono.

Nikamgeukia Ambakisye. "Fomu siwezi kuijaza bado. Njoo utazame hapa."

3

Walipotazama vile vilima hawakuona kitu, na siwalaumu. Ambakisye akauliza kama mashine imeharibika. Mwalimu ndiye aliyeinama karibu, akavaa miwani.

"Hapa chini ni muda?"

"Ni siku. Nilimwamkia Ijumaa saa sita mchana, hapa mwanzo kabisa. Kilima cha kwanza kinaanza Jumatatu mchana. Cha nne kinaisha Jumanne ya wiki inayofuata."

"Siku nane zote, vilima vinne." Akahesabu kwa vidole, kimya kimya. "Na ulisema nini ulipomwamkia?"

"Kwani mtu humwamkia mzee vipi, Mwalimu? Nilisema shikamoo."

Nikiwa nasema hivyo mwili wangu ukasisimka wote, kuanzia kisogoni. Nadhani yeye alishafika kabla yangu, maana alikuwa ameshika ukingo wa kabati kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "hiyo mashine inaweza kucheza alichochora? Kwa haraka?"

Inaweza. Sikuwa nimewahi kuitaka ifanye hivyo kwa mtu aliyepumzishwa, kwani nani anaunga spika kwa mtu asiyetikisika? Nilitafuta ile spika ndogo mkobani, iko chini ya kanga za arusi, nikaiunga. Ambakisye akanishikia taa. Nikachukua zile siku nane nikazibana zienee urefu wa neno moja mdomoni, siku kumi za Jumba ziwe sekunde moja. Nikabonyeza.

Kwanza ilikuwa mikwaruzo. Nikatoa mvujo, nikatoa kelele za feni, nikabonyeza tena.

"Marahaba."

Vilima vinne, silabi nne, na ilikuwa sauti yake. Ile ile kavu ya mvuta tumbaku, na mwishoni ikipanda kidogo, namna alivyokuwa akipandisha kila alipotaka kuendelea na utani. Miaka saba sijaisikia. Nilikaa chini, kwenye sakafu ya nyuzi nne.

Ambakisye akabonyeza mwenyewe. "Marahaba." Akabonyeza tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Mungu wangu," Mwalimu akasema polepole. "Hajachelewa."

"Hajachelewa nini?" nikauliza.

"Kuitikia. Mmemshusha volti, naye mwendo wake umepungua: sekunde yake moja ni siku zetu kumi. Ulimwamkia Ijumaa, akaanza kuitikia Jumatatu. Siku tatu. Kwake hiyo ni theluthi ya sekunde. Kakuitikia papo hapo, Mama, kama mtu yeyote mwenye adabu." Akatafuta pumzi, au hesabu. "Mmempumzisha lini?"

"Miaka sita."

"Miaka sita ni siku elfu mbili mia moja na tisini. Gawanya kwa kumi." Akacheka, kicheko cha mtu anayeshangaa tu. "Sekunde mia mbili na kumi na tisa. Ninyi mnasema mzee kanyamaza miaka sita. Kwake hazijatimia dakika nne."

Nikainua kichwa nikatazama ule mlango mdogo wenye jina lake. Sijui niseme vipi. Nimeishi na umeme maisha yangu yote, nimeuona ukiua, nimeuona ukipika ugali, na nilidhani tunafahamiana. Kumbe nyuma ya lile bati palikuwa na mzee ambaye tangu tumshushe volti hajapata hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nje mvua sita za masika zimenyesha na kukauka, wapwa zangu wameoa, meneja mmoja amestaafu na mwingine ameingia, na yeye ndani bado yumo katika asubuhi ile ile tuliyomshusha, anamlilia binti yake. Kila baada ya nusu dakika hivi mwanamke mmoja anabisha hodi na kumwamkia. Naye, na huzuni yake yote, anaitikia.

Kila mwaka ameitikia. Mimi nikiwa nimeshaondoka.

Ndipo jambo la pili likanifikia. Tangu niandike zile dakika kumi, tumefuta watu thelathini na saba. Wote niliwapima kwa mkono wangu. Wote niliwaamkia.

4

Ilikuwa saa sita. Ambakisye alileta chai ya tangawizi ofisini, akaweka fomu mezani, akafunga mlango. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na hita, amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Mama," Ambakisye akaanza. "Tuliosikia ni sisi watatu tu."

"Sema unachotaka kusema, mdogo wangu."

"Sheria inasema dakika kumi. Kwa dakika kumi, Mzee Gwamaka hakutikisika. Ukiandika hivyo hujasema uongo hata mmoja. Kipimo kile ni halali." Alijifuta uso. "Na ukiandika vile vingine, siyo Mwalimu tu. Wale thelathini na saba wana watoto, wana wajukuu. Nitawaambia nini? Nitawaambia tuliwazima katikati ya maneno?"

Nilitamani nimkasirikie, ningepumua, lakini hakuwa mtu mbaya na alichosema nilikuwa nimeshakisema mwenyewe moyoni pale sakafuni. Kipimo halali. Kosa lenyewe lilikuwa muda tu, na muda niliuchagua kwa sababu miguu iliniganda.

"Na tukimpandisha volti? Arudi mwendo wetu, aseme mwenyewe?" akauliza Ambakisye.

"Tukimpandisha anachukua umeme wake kamili, na chumba ni chake vile vile. Huyu mama bado hana pa kwenda."

"Msinong'onezane juu yangu kama nimeshakufa," Mwalimu Tupokigwe akasema, macho bado amefumba. "Nasikia."

Tukamgeukia wote wawili, tumeaibika.

"Mimi nataka kuishi," akasema. "Nina mabinti wawili, mmoja yuko darasa la sita na hajui kugawanya sehemu vizuri. Msinitazame mkitegemea nitasema mwacheni mzee, mimi nitakwenda kwa amani. Sisemi. Nataka kuishi, na ningekuwa sijaisikia ile sauti ningeingia chumba cha saba leo hii na kulala vizuri." Akafumbua macho, akanitazama mimi, siyo meneja. "Lakini nimeisikia. Nikiingia mle nitakuwa nimekaa pale alipokuwa ananena. Sijui nitaweza kukaa. Nawaachia wenyewe, ninyi ndio mnaopima."

Hakutaja chumba cha arobaini. Ambakisye hakukitaja. Sheria haikuwa inanidai, na hakuna mtu katika Jumba zima ambaye angethubutu kufungua mdomo. Kama yeyote kati yao angeniomba, najijua, ningewaka moto, ningesema nimekisotea miaka kumi na tisa kwenye baridi, na ningekuwa na haki. Hawakuniomba. Wakaniacha na hasira yangu, haina pa kutokea.

Nikachukua kalamu. Kwenye sehemu ya matokeo nikaandika: Yupo. Kwenye sehemu ya muda wa kipimo, palipochapishwa "dakika kumi", nikakata, nikaandika siku kumi na mbili. Nikageuza karatasi upande wa pili na kuanza kuandika majina. Sikuhitaji jalada. Nilianza na Bibi Tumwitike wa chumba cha tatu, aliyekuwa akiniombea kila nikimaliza kazi, nikaenda hivyo hivyo mpaka wa thelathini na saba. Chini yake nikaandika kwamba muda ule niliuweka mimi, na sababu yake, hata ile ya miguu. Nikatia sahihi.

Ambakisye alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Mama, hii itakufukuzisha kazi."

"Inaweza. Nipe na ile fomu nyingine."

"Ipi?"

"Unajifanya huijui. Ya vyumba vya mafundi."

Aliitoa kwenye droo polepole sana. Nilipokuwa nafuta jina langu nililia, sitaficha. Sikulia kwa wema. Nililia kwa woga, kama mtu anayeambiwa ashuke kwenye gari katikati ya pori. Mwalimu akasimama, akaja hatua zake tatu tatu, akaniwekea mkono mgongoni.

"Mama," akasema.

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Kile chumba mvujo wake ni mdogo kuliko vyote humu. Ukikichafua tutagombana."

5

Jumamosi asubuhi chumba cha arobaini kiliwaka taa kwa mara ya kwanza. Nilikipima mwenyewe. Mkondo ulikuwa unapanda na kushuka, unaruka huku na huku, hauna utulivu, na nikiwa bado nafunga kijimlango spika ikasema, "Mama Ampea, shikamoo!"

"Marahaba, Mwalimu."

"Kumbe kweli humu ndani hakuna baridi. Waambie wanangu waje, yule mdogo aje na daftari la hesabu."

Nikamwambia nitawaambia. Barua kutoka Dodoma ilikuwa imeshafika, inasema kamati itakuja kunisikiliza mwezi ujao, na hadi hapo hakuna mtu atakayefutwa, na mafundi wote waunge spika. Ambakisye naye alikuwa ameagiza volti ya chumba cha saba ipandishwe, kidogo kidogo, pale mvuke utakaporuhusu. Wanasema pengine miaka miwili. Nikauliza kama mzee ataona tofauti, wakasema atahisi asubuhi yake imeanza kuchangamka.

Nilirudi stoo, nikachukua nilichokuwa nimekitafuta tangu juzi, nikakibeba mpaka mlango wa saba. Waya nne nilizipachika upya. Mafuta nikayaacha yatulie. Kisha nikabisha hodi.

"Mzee Gwamaka," nikasema, "ni mimi, Subilaga. Nimekusikia. Pole sana kwa msiba wa binti. Ningepaswa kukupa pole siku ile ile, sasa nimechelewa. Umeamkaje, baba?"

Maneno yakaingia. Mstari kwenye kioo ulikuwa mnyoofu kama uzi, na najua utakaa hivyo hivyo kesho na keshokutwa. Nilijifunga blanketi miguuni, nikaweka chupa ya chai pembeni, nikakaa. Nilikuwa nimeleta kiti.